Galaxy XCover7 baharini: IP68 inavumilia nini

Samsung waliitoa simu hii mwaka 2024 kwa ajili ya watu wa kazi za nje. Mfuniko wa nyuma unabanduka kwa kucha, betri ya 4050 mAh inatolewa kwa mkono, na bado ina IP68, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Kwa anayeshinda kwenye ngalawa au boti, betri ya akiba ina thamani kuliko kamera kali.

Tarakimu 6 ni ya vumbi, 8 ni ya maji. Kwa simu hii, 8 ni kina cha mita 1.5 kwa dakika 30, tena maji yaliyotulia yasiyo na chumvi. Bahari haimo kwenye kipimo hicho. Mvua, rasharasha za mawimbi na kudondoka kwenye maji ya ndoo inahimili vizuri. Kuzamia nayo ni kuiua.

Pa kuangalia kwanza ni mfuniko. Unaziba kwa raba nyembamba, na unywele mmoja au chembe ya mchanga ikilala juu yake, maji yana njia. Badilisha betri ukiwa nchi kavu, mikono mikavu. Futa raba na ukingo inapokaa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha bonyeza kwa kidole gumba pembeni kote mpaka usisikie tena mlio wa kubana. Simu ikianguka, rudia kubonyeza, maana kona inaweza kuachia kidogo bila kuonekana.

Kinachoharibika zaidi pwani ni tundu la chaji. Maji ya bahari yakikauka humo, chumvi inabaki na kuvuta unyevu wa hewani. Ukichomeka chaja, umeme unapita kwenye unyevu huo, pini zinaliwa na kuota ukijani. Kwa hiyo ikilowa chumvi, suuza kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu, igongegonge kiganjani tundu likitazama chini, iache kivulini penye upepo hadi ikauke kabisa. Usiifukie kwenye mchele: vumbi lake linaingia tunduni. Spika ikisikika kama imefunikwa blanketi, ni maji kwenye wavu wake, yatakauka.

Kioo kikilowa, hakihisi vidole vizuri. Kitufe cha pembeni kinachopangiwa kazi utakayo kipangie tochi mapema, kabla hujatoka ufukweni.