Blue Ridge Parkway: wengi wanafuata milima, mimi nilifuata mafundi

Hii barabara ya Marekani ukiitafuta mtandaoni unaletewa picha za ukungu na milima basi, ila mimi nilienda kwa ajili ya kazi za mikono na sijutii hata kidogo. Ni maili 469, inaanzia jimbo la Virginia inaishia mji wa Cherokee kule North Carolina, malori ya mizigo marufuku, spidi haizidi maili 45 kwa saa, na humo njiani hakuna sheli kwa hiyo jaza tenki kabisa kabla hujaingia.

Folk Art Center iko maili ya 382, karibu na Asheville. Inaendeshwa na Southern Highland Craft Guild, chama cha mafundi cha tangu 1930, na huwi mwanachama mpaka kazi yako ikaguliwe kwanza, ndo maana takataka hukuti. Vyungu, vitambaa, mpaka mafagio ya kusuka! Bei imechangamka lakini.

Sasa Cherokee jamani. Qualla Arts and Crafts ni ushirika wa Wacherokee wenyewe, yaani wenyeji wa asili wa huko, ulianza 1946, na mimi pale nilinata kwenye vikapu vya mianzi. Mwanzi unapasuliwa kwa kisu, unakwanguliwa mpaka unabaki ukanda mwembamba kama ukili, halafu unachemshwa na mizizi au magome ya miti upate rangi ya kahawia, nyeusi au ya chungwa. Kuna vile vya kusukwa mara mbili, yaani msusi anaanzia kitako cha ndani anapanda nacho, akifika mdomoni anaikunja ileile mianzi anashuka nayo kwa nje mpaka chini, unapata vikapu viwili ndani ya kimoja na mshono huuoni. Nilikigeuzageuza weee nikatafuta alipomalizia, wapi! Nilipoangalia bei nikakirudisha taratibu, ila kusema ni ghali siwezi, hiyo mianzi yenyewe siku hizi ni ya kutafuta maana mashamba na mifugo vimeimaliza.

Kuna duka moja la pembeni (jina naliacha) limeandika kila kitu cha mkono, nageuza bakuli nakuta stika ya kiwanda. Ukitaka kujua kama ni cha mkono kweli, chungu kilichofinyangwa kwenye gurudumu pitisha kidole ndani utasikia mistari ya vidole vya mfinyanzi inazunguka.

Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu sana upande wa North Carolina, so cheki kwanza tovuti ya National Park Service (idara ya hifadhi za taifa inayoisimamia hii barabara) vipande gani vimefungwa, na ramani pakua mapema, mtandao wa simu huko unakatika hovyo.