Duka lilinirudishia hela yangu yote, halafu mzigo ukatokea Singida: uzoefu wangu

Habari zenu wapendwa. Mi ni fundi cherehani hapa Dodoma, fremu yangu iko Majengo, nashona sare za shule, vitenge, magauni ya sendofu, chochote unacholeta. Naandika kuhusu duka moja la mtandaoni la Dar nililonunua mashine ya ovaloki (ile ya kupiga kingo za nguo kwa ndani) mwishoni mwa mwaka, jina silitaji kwa sababu ya yaliyotokea katikati, ila mnaonunua vitu Dar na kutumiwa kwa basi mtanielewa vizuri tu.

Niwaambie kwanza kwa nini nilikuwa naitaka kwa haraka. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka shule zinafunguliwa Januari ndo msimu wetu watu wa sare, mashati meupe na sketi za bluu yaani unaota mpaka usiku. Sasa nguo bila ovaloki haichukui muda inaanza kufumuka kwa ndani, mtoto kavaa wiki mbili mama yake huyo mlangoni kaishika mkononi. Miaka yote nilikuwa napeleka kwa fundi mwenzangu ananipigia kwa 300 kila nguo, na ukikuta foleni unasubiri mpaka giza linaingia, kwa hiyo nikajinyima, nikacheza mchezo na wenzangu hapa sokoni, hela ikatimia.

Tarehe 18 Novemba nikaweka oda. Mashine 420,000, usafiri 15,000, jumla 435,000, nikalipa kwa simu. Jioni ile ile wakanitumia WhatsApp picha ya boksi na picha ya risiti ya ofisi ya mizigo ya basi, wakasema kesho asubuhi nenda stendi kuu Nanenane utachukua. Mpaka hapo sina neno, walinijibu vizuri na haraka.

Asubuhi nikaenda, hakuna. Kijana wa mizigo akaniambia rudi jioni dada, labda limepakiwa gari la mchana. Jioni hakuna. Kesho yake hakuna. Siku ya nne nimeshazoeleka pale hadi mama anayeuza chai mlangoni ananiuliza bado tu? Na kutoka Majengo kwenda Nanenane na kurudi kila siku ni nauli na ni muda wa kazi, nguo za watu ziko mezani. Nikaanza kuwaza bora ningepanda treni ya SGR mwenyewe, maana tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 unaweza kwenda Dar asubuhi ukafanya shughuli yako ukarudi, ningeibeba mashine yangu mapajani nikalala usingizi.

Nikawapigia duka. Hapa ndo nawasifu. Hawakunizungusha. Dada wa huduma kwa wateja akasema mama tupe siku 7 tufuatilie, mzigo usipopatikana tunakurudishia hela yako. Mi moyoni nikasema hiyo imeenda, nani anarudisha 435,000 siku hizi. Kumbe walikuwa wanamaanisha, tarehe 29 Novemba niko kwenye cherehani naona meseji, hela yote imeingia mpaka ile ya usafiri. Niliinua mikono nikamshukuru Mungu nikiwa nimekaa pale pale.

Ile hela sikununulia mashine nyingine. Msimu ulikuwa umeshapamba moto, nikaona bora nichukue jora za tetroni nyeupe na kitambaa cha bluu, 310,000 ikaenda huko, nikaendelea kupeleka nguo kwa fundi mwenzangu kama zamani. Ikabaki 125,000.

Tarehe 17 Desemba jioni inaingia simu namba ngeni. Kaka mmoja, samahani dada, wewe ndo una mzigo wa mashine? Nikamuuliza mashine gani, akasema ya kushonea, iko huku Singida stoo kwetu, imekaa karibu mwezi. Miguu iliniishia nguvu. Akanielezea kwamba gari lilikuwa la Singida, Dodoma lilipita usiku, boksi lilikuwa limefunikwa na mizigo mingine likapitilizwa. Kule wakawa wanapiga namba iliyoandikwa, haipatikani kila siku, mpaka jioni ile akajaribu kuisoma ile saba kama moja, mi nikapokea. Akasema kesho wanalipakia bure.

Kesho yake mchana nikalichukua Nanenane, nikaonyesha kitambulisho cha NIDA, nikasaini. Boksi linanuka vitunguu hatari, nadhani mwezi mzima lilikaa chini ya magunia, Singida si ndo kwenyewe kwa vitunguu. Nikaangalia ile namba yangu iliyoandikwa kwa maka peni nyeusi juu ya boksi. Aliyeandika alianza moja na kikofia kirefu juu, ukiiangalia kwa haraka ni saba kabisa, hata mimi mwenye namba ningesoma saba. Kikofia kile kirefu kama ukucha ndo kiliificha mashine yangu mwezi mzima, kilomita kama 240 kutoka kwangu.

Sasa sikilizeni, hapa ndo nilipotaka kufika.

Nilikaa nayo siku nne bila kuwaambia duka. Nasema ukweli wangu. Nilijikausha. Niliifungua, nikaifunga, nikatia nyuzi, nikapiga mashati sita, inakwenda kama maji. Na kila mtu niliyemwambia alikuwa na jibu lile lile, jirani yangu wa fremu ya nywele akasema hiyo Mungu kakuona wewe mjane unahangaika na watoto, kaa kimya, wale ni matajiri wa Dar hata hawajui kama hela imetoka. Shemeji yangu akasema ni fidia ya usumbufu, nauli zako zote zile za Nanenane nani atakulipa? Na kiukweli maneno hayo yanaingia, ukiwa huna hela yanaingia vizuri zaidi.

Ila nilikuwa silali. Nikiwasha ile mashine naona kama nimevaa nguo ya mteja.

Aliyenifungua ni mzee mmoja fundi viatu anakaa barazani kwetu. Ni mtu wa swala tano, mkimya sana. Nikamweleza. Akaniambia mwanangu, sisi kwenye dini kitu cha kuokota unakitangaza mwaka mzima ukimtafuta mwenyewe, na hiyo ni pale ambapo mwenyewe humjui. Wewe mwenyewe unamjua, na namba yake unayo kwenye simu. Akarudi kwenye kiatu chake, hakuongeza neno. Jioni nikamuuliza na mtoto wa dada yangu anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma, akasema hata Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, iko wazi, mtu akilipwa hela kwa makosa anatakiwa airudishe, na wale walilipa wakiamini mzigo umepotea. Nikamuuliza na zile nauli zangu? Akasema zidai aunti, una haki ya kuzidai, ila unazidai kwa kusema, hujilipi mwenyewe kwa kunyamaza. Hilo la kujilipa kwa kunyamaza limenikaa kichwani mpaka leo.

Kitu kingine nikaitafuta ile picha ya risiti ya basi, nikaikuza. Kuna sehemu imeandikwa thamani ya mzigo, haijajazwa kitu, na chini maandishi madogo kwamba mzigo usiotajwa thamani kampuni haitawajibika. Ina maana basi halikuwalipa duka hata senti. Ile 435,000 ilitoka mfukoni mwa duka moja kwa moja.

Tarehe 22 nikapiga. Na hapa ndo malalamiko yangu kwa hili duka, maana kurudisha hela ilikuwa kazi kubwa kuliko kuidai. Dada aliyepokea alinyamaza, halafu akaniuliza kwa sauti ya wasiwasi, mama unasema unataka kutuma hela? Alidhani mimi ni wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akaniambia nitapigiwa na msimamizi. Siku nzima kimya. Kesho yake ananipigia kijana, anasema yuko kitengo cha kupaki, eti nimtumie yeye kwenye namba yake atafikisha ofisini. Nikakataa. Sikumwita mwizi, inawezekana alikuwa mkweli kabisa, ila hela siyo yangu na siyo yake, nikamwambia mdogo wangu nipe lipa namba ya duka, nikiona jina la duka natuma, nisipoliona situmi.

Ndo msimamizi akapiga mwenyewe. Mwanamama, ana heshima sana. Nikamweleza yote, mpaka zile siku nne, na kwamba hela nyingi nimeshaiweka kwenye vitambaa, nina 125,000 tu mkononi, kwa hiyo achague, nirudishe mashine ikiwa imeshatumika au nilipe kwa awamu. Akanyamaza kidogo. Akaniambia dada, hasara ile tuligawana, nusu duka, nusu tulianza kumkata aliyeandika namba kwenye boksi, na mshahara wa Novemba alishakatwa mara ya kwanza. Nilishika mdomo. Mi nilikuwa nafikiria matajiri wa Dar, kumbe kwenye zile siku nne nilizojikausha kuna kijana anayesubiri mshahara wa Desemba akijua unakuja pungufu. Nikamuuliza ni yule aliyenipigia? Akasema ndiyo. Alikuwa anaitaka ile hela ifike haraka kabla hawajafunga mishahara.

Bado nasema nilifanya sawa kukataa kutuma kwenye namba yake. Lakini iliniuma.

Tukakubaliana 420,000, ya usafiri wakasema niache, ndo iwe pole yangu ya kwenda Nanenane mara zote zile. Nikalipa 125,000 siku ile ile kwa lipa namba, 150,000 tarehe 5 Januari sare zilipotoka, na 145,000 ya mwisho tarehe 19. Kila muamala nikapiga skrinshoti nikamtumia msimamizi, naye akawa ananijibu "imepokelewa" pamoja na kiasi kilichobaki. Wewe ukifikwa na kitu kama hiki fanya hivyo, omba waandike kwenye meseji mmekubaliana kiasi gani, usitume kwa namba ya mtu, na jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lilingane na la kwenye risiti. Na kabla hujaagiza kabisa mwambie muuzaji ajaze thamani ya mzigo pale kwenye risiti ya basi na namba ya simu aiandike mara mbili, juu na ubavuni, kwa peni inayosomeka. Mi niliwaambia hilo la thamani na oda yangu ya pili ya nyuzi ilikuja imejazwa, 38,000, nimeiona kwa macho yangu.

Mashine yenyewe ni nzuri, nyuzi nne, mota iko kimya, kisu kinakata tetroni bila kuivuta. Kitenge kizito inabidi upunguze mwendo. Sindano walizoweka ndani ni hafifu, nunua zako.

Duka nawapa nyota nne. Hela walirudisha bila kunisumbua na walinisikiliza nilipokuwa sina. Moja nimeibakiza kwa sababu mteja anayetaka kurudisha hela hana pa kushika, hakuna namba wala mtu wa hiyo kazi, na kwa sababu ya kumkata kijana mshahara kwa mzigo ambao hata basi hawakuwa wamemaliza kuutafuta. Nilimuuliza msimamizi kuhusu hilo la mshahara, akasema wamemrudishia wote. Nikamwomba namba ya yule kijana, nikampigia. Alikuwa kwenye daladala, kelele tupu, tukaongea dakika moja hivi, nikamwambia mdogo wangu moja yako iandike bila kofia, akasema sawa dada nimekusikia.