Kifaa cha sauti cha kufukuzia mbwa: kinamweza kijibwa wa jirani?

Kina umbo la tochi ndogo na kinaenea kiganjani. Kazi yake ni kutoa sauti kali ambayo mbwa anaisikia na mtu haisikii: sikio la binadamu linaishia kwenye Hz 20,000 hivi (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde), la mbwa linafika Hz 45,000. Aina iliyozoeleka hutumia betri moja ya volti 9, hutoa sauti ya Hz 25,000 hivi, na swichi ya pembeni ina hatua tatu: tochi, sauti peke yake, sauti pamoja na taa ya kumweka. Hapa tunakipima kwa kazi moja tu: kijibwa wa mtu anayechomoka chini ya geti, iwe Area C au Nkuhungu hapa Dodoma, na kuvizia visigino vya wapita njia.

Kinafanya kazi, ila ndani ya mita tatu au nne, na si kwa kila mbwa. Boksi likiandika mita kumi na kitu, usilisadiki. Sauti ya juu namna hii hufifia haraka na haipenyi ukuta. Ndiyo maana lile boksi la sauti la kutundika nje, la kunyamazisha mbwa anayebweka usiku, hatulipendekezi kabisa kwa nyumba zetu za kuta za tofali na mageti ya bati. Hela ya bure hiyo.

Ukisikia mtu analalamika kwamba alibonyeza na mbwa akazidi kuja, anza na betri. Taa nyekundu ikiwaka inaonyesha tu kwamba umeme upo. Betri za bei chee volti zake hushuka mara kitufe kinapobonyezwa. Taa inawaka vizuri huku sauti imelegea. Nunua ya alkaline, na fundi simu aipime kwa kipima umeme: mpya husoma volti 9 na ushee, ikishuka hadi 7.5 badilisha. Programu ya simu ya kupima sauti haitakusaidia. Simu nyingi hurekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, na sauti ya juu kabisa inayonaswa ni nusu ya hapo, Hz 24,000, chini kidogo ya sauti unayoitafuta.

Kingine ni kulenga. Watu hunyoosha mkono usawa wa kifua kana kwamba wanakabiliana na mbwa mkubwa wa ulinzi. Kijibwa kichwa chake kiko sentimita 25 tu toka chini, na akishasogea karibu sauti inampita juu. Shusha mkono hadi usawa wa paja, elekeza mdomo wa kifaa usoni kwake. Simama, usikimbie, hawa hung'ata kwa nyuma, na kisigino kinachokimbia ndicho kinachowaita. Mwache afike mita tatu, bonyeza sekunde mbili au tatu, achia mara tu anaposita. Kuachia ndiko kunakomfundisha kwamba kusita kumemwokoa. Ukishikilia kitufe mfululizo, baada ya siku chache anazoea. Mara mbili hajajali? Weka begi au mwavuli kati yenu, uondoke kinyumenyume. Huenda ni mzee asiyesikia, au amepandwa na hasira kiasi kwamba hakuna sauti itakayomgusa.

Mbwa aliyefungwa mnyororo au aliye nyuma ya geti usimbonyezee. Hana pa kukimbilia, utamwongezea ukali.

Na upepo wa kiangazi wa Dodoma huu: vumbi huziba wavu wa mbele. Sugua kwa mswaki mkavu, usioshe kwa maji.

Lakini kama ni kijibwa yuleyule, geti lilelile, kila asubuhi, hela ya kifaa ingefaa zaidi kwa fundi wa kuchomelea. Mageti mengi yameachwa juu ili maji ya mvua yapite, na pengo hilo ndilo mlango wake. Nondo za mm 10 zikichomelewa chini ya geti kwa nafasi ya sentimita 4, maji yanapita, kijibwa hapiti. Nenda kwa mwenye mbwa jioni akiwa ametulia, anza na mbukwa yako, salamu ya Kigogo, kama kawaida, umwonyeshe pengo lenyewe kabla hujamtaja mbwa. Akikaidi, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Meno yakishagusa ngozi, hata mkwaruzo tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usidharau kwa kuwa mbwa ni mdogo, na usipake pilipili wala mafuta juu ya kidonda.