SPEECH Act ya Marekani: kufuli zuri, ila halifungi lango la Kitengela

Mtu anaishi Minneapolis, Minnesota, kwa green card, yaani kibali cha ukazi wa kudumu. Ameandika mtandaoni kuhusu mfanyabiashara wa Nairobi, akashtakiwa kwa kashfa katika mahakama ya Milimani, Nairobi, hakwenda, na hukumu ikatoka ya upande mmoja: fidia ya mamilioni ya shilingi, gharama za kesi, na amri ya kufuta alichoandika. Swali lake la kwanza halihusu Katiba wala uhuru wa kujieleza. Anataka kujua kama mshahara wake wa Minnesota utaguswa.

Kwa upande wa mahakama za Marekani, kuguswa ni kazi ngumu sana. Kinachomlinda ni SPEECH Act, sheria iliyotiwa saini na Rais Obama tarehe 10 Agosti 2010, inayozizuia mahakama za Marekani kukaza, yaani kutekeleza, hukumu za kashfa za nje zisizotimiza masharti yake. Ni vifungu 5 tu, 4101 hadi 4105, katika juzuu ya 28 ya sheria za shirikisho. Hapa tunaikagua kama mtu anavyokagua kufuli kabla ya kutoa pesa: limetengenezwaje, linashika wapi, na linagoma wapi.

Lilitengenezwa baada ya mlango kuvunjwa. Rachel Ehrenfeld, mwandishi wa New York, alichapisha Marekani mwaka 2003 kitabu kuhusu wanaogharamia ugaidi. Uingereza hakikuchapishwa kabisa. Nakala 23 zilifika huko kwa wasomaji walioagiza mtandaoni, na sura moja ilikuwa ikisomeka kwenye intaneti. Kwa nakala hizo 23, tajiri wa Saudi Arabia Khalid bin Mahfouz na wanawe wawili walimshtaki London. Hakwenda. Mwaka 2005 Jaji Eady akawapa pauni 10,000 kila mmoja, pamoja na gharama na zuio la kusambaza kitabu huko.

Ehrenfeld akaipeleka vita nyumbani, akiomba mahakama ya New York itamke kwamba hukumu ile haikaziki pale. Hapo ndipo akakwama kwenye mamlaka ya mahakama juu ya mtu asiye mkazi. Alichofanya bin Mahfouz ndani ya New York kilikuwa kutuma barua na kumfikishia mwandishi karatasi za kesi ya London. Tarehe 20 Desemba 2007 Mahakama ya Rufani ya New York, iliyo ya juu kabisa katika jimbo hilo, ikasema hayo hayatoshi. Kifungu cha 302 cha mwenendo wa madai kinataka mtu awe ameingia jimboni kufanya shughuli na kufaidi sheria za jimbo, na kupeleka wito wa kesi ya nchi nyingine si shughuli ya namna hiyo. Hukumu ikabaki inaning'inia: mwenye nayo hakuja kuikaza, na anayedaiwa hakuweza kuiondoa.

Mwaka uliofuata Bunge la New York likabadilisha kifungu hicho hicho. Illinois, Florida na California nazo zikatunga sheria zao, kisha ikaja hii ya shirikisho.

Ndani yake kuna pini tatu, na aliyeshinda kesi nje lazima azifungue zote zinazomhusu. Ya kwanza ni sheria iliyotumika. Aonyeshe kwamba nchi ile inalinda usemi angalau kwa kiwango cha Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani na katiba ya jimbo. Akishindwa, aonyeshe kwamba hata kwa sheria ya Marekani mdaiwa angeshindwa. Ya pili ni mamlaka: mahakama ya nje iwe ilimfikia mdaiwa kwa namna inayokubalika kwa kipimo cha Marekani cha utaratibu wa haki. Ya tatu inawahusu watoa huduma za mtandao: kama hukumu ni dhidi ya mwenye jukwaa kwa maneno ya watumiaji wake, lazima ioane na kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya Marekani, kinachowakinga wenye majukwaa na madai ya namna hiyo.

Uzuri mkubwa uko kwenye nani anabeba mzigo wa kuthibitisha. Ni yule anayetaka kukaza. Anayedaiwa anaweza kukaa kimya kwa kiasi kikubwa akamwacha mwenzake ahangaike.

Kwa hukumu za Kenya au Tanzania pini ya kwanza ni ngumu kufunguka. Sheria zetu za kashfa zimerithi kanuni ya Kiingereza: maneno yanayochafua jina huchukuliwa kuwa ya uongo mpaka aliyeyasema athibitishe ukweli wake. Marekani inamgeuzia kibao mdai, hasa jambo likiwa la maslahi ya umma. Mdai akiwa kiongozi wa umma, tangu kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan ya 1964 anatakiwa aonyeshe pia kwamba mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kama ni uongo. Mahakama yetu ikimpa mtu ushindi kwa sababu mdaiwa hakuleta ushahidi wa ukweli, ushindi huo ukifika Marekani unakuwa na tundu katikati.

Jaribio linaloonyesha haya vizuri ni Trout Point Lodge, lililoamuliwa na mahakama ya rufani ya shirikisho ya mzunguko (kanda) wa 5 mwaka 2013. Wenye hoteli ya Nova Scotia, Canada, walipata huko hukumu ya zaidi ya dola 400,000 za Canada dhidi ya mwenye blogu wa Mississippi ambaye hakujitokeza. Wakaisajili katika mahakama ya kaunti ya Hancock. Mdaiwa akaihamishia mahakama ya shirikisho, na huko ikakataliwa. Mahakama iliona kwamba Canada hailindi usemi kwa kiwango cha Marekani, kisha ikageukia njia ya pili na kukuta hukumu ya upande mmoja haikuwa na mambo yaliyothibitishwa ya kutosha kuonyesha kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo. Wadai wengi huliruka somo hili. Ukijua mdaiwa wako ana mali Marekani, ushindi wa upande mmoja ndio dhaifu kuliko wote. Leta mashahidi hata kama kiti cha upande wa pili ni kitupu, na umwombe jaji aandike neno kwa neno kipi ni uongo na kwa ushahidi upi.

Sasa matumizi. Ukifikishiwa karatasi za kukaza hukumu katika mahakama ya jimbo, kifungu cha 4103 kinakuruhusu kuihamisha kesi kwenda mahakama ya shirikisho bila kujali kiasi kinachodaiwa. Muda wa kuhamisha ni siku 30 tangu kupokea karatasi, na ada ya kufungua ni dola 405. Lakini kisome kifungu hicho polepole, kwa sababu kina kasoro inayowauma watu wetu moja kwa moja. Kinataka mdai awe raia wa jimbo tofauti na la mdaiwa, au mmoja awe mgeni na mwingine raia wa Marekani. Mkenya wa Nairobi akimdai Mkenya mwenye green card wa Minneapolis, hao ni wageni wawili, na maneno ya kifungu hayawataji. Ngao yenyewe haipotei, kwa kuwa sheria inazibana mahakama za majimbo sawasawa na za shirikisho. Utajitetea tu mbele ya jaji wa kaunti, ambaye pengine hajawahi kuiona sheria hii. Wakili wako aiambatishe nzima kwenye majibu. Ni fupi, haijazi hata kurasa kumi.

Kuna njia ya pili, ya kutosubiri. Kifungu cha 4104 kinampa mtu wa Marekani haki ya kwenda mwenyewe mahakama ya shirikisho kuomba tamko kwamba hukumu ile haikaziki. “Mtu wa Marekani” hapa ana maana pana: raia, mwenye green card, kampuni ya huko, na hata mgeni aliyekuwa akiishi huko kihalali wakati maneno yalipotafitiwa, kuandaliwa au kusambazwa. Mwanafunzi mwenye viza halali anaingia.

Kwenye karatasi inapendeza, lakini hapa ndipo tunapokata alama. Kwanza, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako. Pili, kifungu cha 4105 kinachomrudishia ada ya wakili aliyepinga hukumu akashinda kinazungumzia kesi za kukaza hukumu. Ukienda wewe kuomba tamko, gharama ni zako. Tatu, na hili ndilo kubwa, tatizo la Ehrenfeld halikutibiwa. Sheria inaruhusu wito ufikishwe katika wilaya yoyote ya Marekani ambako mshtakiwa anapatikana, anakaa, ana wakala au anafanya biashara. Aliyekaa Karen ya Nairobi au Masaki ya Dar es Salaam, hana duka wala wakala Marekani, hafikiwi na maneno hayo. Unarudi kwenye kanuni za kawaida za mamlaka juu ya asiye mkazi, zile zile zilizomshinda Ehrenfeld.

New York ndiyo iliyoziba pengo hilo kwa ujasiri. Kifungu cha 302(d) kinaipa mahakama ya jimbo mamlaka juu ya yeyote aliyepata hukumu ya kashfa nje dhidi ya mkazi wa New York, mradi maneno yalichapishwa humo na mkazi ana mali humo inayoweza kuchukuliwa, au itabidi afanye jambo humo ili kutii hukumu. Ukiwa Bronx una zana ambayo ndugu yako wa Dallas hana chini ya sheria ya shirikisho. Kama zana hiyo itahimili kipimo cha Katiba kwa mtu asiye na uhusiano wowote na jimbo ni suala la kubishaniwa, na wakili mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujalipa.

Si kwamba njia ya tamko haifanyi kazi. Mwaka 2017 EFF, shirika la San Francisco linalotetea uhuru wa mtandaoni, liliitumia dhidi ya kampuni ya hataza (haki za uvumbuzi) iliyopata amri Australia Kusini ya kufuta makala iliyoikosoa. Kampuni haikujitokeza California, na Novemba mwaka huo EFF ikapewa tamko lake. Angalia kwamba kilichokataliwa hapo kilikuwa amri ya kufuta maandishi. Ngao hii haizuii pesa peke yake.

Isipofika ni kwingine kabisa. Tafsiri ya kashfa ndani ya sheria ni pana: kuchafua jina, kuumiza hisia, kumchora mtu kwa sura ya uongo. Hakimiliki haimo, na mdai mjanja ataichanganya. Ukiona kwenye hati ya madai ya nje kuna dai la picha zilizotumika bila ruhusa pembeni ya dai la kashfa, mwambie wakili akague kila shilingi ya fidia imetolewa kwa dai lipi.

Na kuna kiwanja. SPEECH Act inazungumza na mahakama za Marekani tu. Aliyekushinda Milimani hahitaji kuja Minnesota kama una ploti Kitengela, akaunti ya benki au hisa za sacco kule nyumbani. Atakaza hukumu pale pale. Wenye mali kwao wasiiache kesi ya Nairobi eti kwa sababu wako ng'ambo. Kwanza waangalie walivyofikishiwa wito. Ili wito utoke nje ya Kenya, mdai anahitaji kibali cha mahakama chini ya Amri ya 5 kanuni ya 21 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai, na Mahakama ya Rufani ilisisitiza umuhimu wa kibali hicho katika kesi ya Raytheon dhidi ya Air Al-Faraj mwaka 2005. Wito uliotumwa kwa WhatsApp bila kibali unapingika, ila upingwe mapema, kabla ya kuweka utetezi.

Hapo kuna mtego ambao maelezo mengi ya Kimarekani hayautaji. Sheria ya SPEECH inasema kwenda kujitetea nje hakukupotezei haki ya kupinga hukumu Marekani. Ni kweli, kwa Marekani. Tuseme umeshtakiwa London, ukaenda ukapigana hadi mwisho, ukashindwa. Uingereza imo katika orodha ya nchi ambazo Kenya husajili hukumu zake chini ya sura ya 43 ya sheria zake, na kuingia kesini kwa hiari ni moja ya misingi ya kukubali kwamba mahakama ya nje ilikuwa na mamlaka juu yako. Hukumu inayogonga mwamba Minneapolis inaweza kupita Nairobi na kukuta ploti. Kwa mwenye mali pande mbili, jibu la kwanza London liwe la kupinga mamlaka peke yake. Siku hizi pingamizi hilo lina nguvu: tangu 1 Januari 2014, kifungu cha 9 cha sheria ya kashfa ya 2013 kinaizuia mahakama ya Uingereza na Wales kusikiliza kesi dhidi ya mtu wa nje kama Marekani mpaka iridhike kwamba kwa yote yaliyochapishwa duniani, kwao ndiko mahali panapofaa wazi zaidi. Nakala 23 zingepata shida.

Aliyechafuliwa jina naye asikate tamaa. Akiwa na ushahidi wa uongo na mwandishi ana mali Marekani tu, mara nyingi ni nafuu kumfuata huko huko anakoishi: suala la mamlaka linakwisha, na hukumu haihitaji kutambuliwa na mtu. Saa tu ndiyo kali: mwaka 1 New York, miaka 2 Minnesota, na Kenya kwenyewe ni miezi 12.

Alama zetu: 5 kwa 5 kama kufuli la kumzuia anayekuja kukaza, 2 kwa 5 kama zana ya kumfuata aliyeko ng'ambo. Chochote utakachofanya, bahasha iliyoleta karatasi usiitupe. Muhuri wa posta, tarehe na jina la aliyeileta ndivyo vitakavyoamua siku zako 30 zilianza lini.