Lab ya Wandegeya, Kampala: bei wamekaza lakini karatasi ya testosteroni wanakusomea

Nyota nne. Jina siandiki msije mkasema nimelipwa. Ya tano nimewanyima kwa sababu ya printa yao, nitafika hapo.

Mimi ni dereva wa trela, Mombasa–Kampala, miaka 43, usingizi wangu ni wa foleni ya Malaba, tumbo limetangulia na mambo ya kitandani yameanza kwenda kwa kubembelezwa. Kwanza niliingia klinik moja karibu na home, wakanitoa damu saa tisa mchana nimeshashiba matoke na nyama, tena siku mbili tu tangu nimalize Coartem, dawa ya malaria, hakuna aliyeniuliza kitu. Karatasi ikatoka: testosteroni, ile homoni ya kiume, 2.7, pembeni kuna ka-L, yaani iko chini. Musawo, yaani daktari, akaiangalia kama sekunde tatu, "ssebo uko chini sana, tuanze sindano za homoni leo leo." Bei ya sindano ilikuwa ishaandikwa kwenye kadi kabla hata sijakaa. Nikamwambia naenda kutoa hela, hadi leo ananingoja.

Sasa hii ya Wandegeya, siku ya kwanza walinifukuza. Sista wa mapokezi kauliza umelala wapi, nikasema nimeingia alfajiri hii kutoka mpakani, akasema nenda ulale usiku mbili tatu za kawaida, urudi kati ya saa moja na saa nne asubuhi hujala. Nilikasirika jamani, nimepanda boda boda mpaka pale halafu narudishwa. Lakini ndo nikaelewa, hii homoni inapanda ukiwa umelala, asubuhi iko juu, mchana imeshuka, na malaria au ugonjwa wowote mkali unaiangusha kwa muda. Yaani ile 2.7 ilipimwa saa mbaya, wiki mbaya.

Nikarudi, majibu yakaja 14.2. Nilishangilia hapo kwenye benchi, nikampigia picha Mama Aisha, akajibu "kumbe unataka kuniua." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ile ya kwanza ni nanogramu kwa mililita na hii ni nanomoli kwa lita, ukitaka kulinganisha zidisha ile ya kwanza kwa 3.47, inakuwa kama 9.4. Imepanda ndio, lakini si mara tano! Na hicho kizio kimeandikwa kwa maandishi ya kijivu madogo kama ya nyuma ya kadi ya simu, hapo ndo nyota yangu ilipopotelea. Ukisoma mambo ya Wamarekani utakuta ya tatu, nanogramu kwa desilita, 2.7 yangu kwao ni 270. Madaktari wa mkojo wa kule mstari wao ni 300, lakini si kwa karatasi moja, wanataka asubuhi mbili tofauti, zote ziwe chini na dalili uwe nazo.

Akaongeza SHBG na LH. SHBG ni protini inayobeba hiyo homoni kwenye damu, alinieleza kidereva: testosteroni nyingi ni mzigo uko ndani ya kontena limepigwa sili, huwezi kuuuza, inayofanya kazi ni ile imeshushwa. Tumbo kubwa linapunguza makontena, kwa hiyo jumla inaweza kuonekana ndogo na ile ya kazi bado ipo. LH ni homoni nyingine, ni oda inayotoka kichwani kuambia korodani zitengeneze testosteroni. Oda nyingi na mzigo kidogo, kiwanda kule chini kimechoka, vyote viwili vikiwa chini basi bosi wa juu ndo amelala, wanapima na prolaktini, homoni nyingine ya kichwani. LH yangu ilikuwa sawa.

Halafu akauliza swali ambalo yule wa sindano hakuliwaza: mnataka mtoto mwingine? Tunataka, wa tatu. Akasema sindano inaambia kichwa kiache kutuma oda, mbegu zinapungua na zinaweza kuisha kabisa. Pia damu inakuwa nzito, ndo maana hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, inapimwa kabla na ukishaanza, ikivuka 54 kwa mia unasimamishwa. Na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, lazima, umri huu.

Asubuhi ya pili nilipata 13.1. Sindano hakuna. Kanituma nikaangaliwe kukoroma, maana utingo wangu anasema nanguruma kuliko injini na katikati napumua kama nimezimika, hiyo pia inashusha homoni.

Ubaya: testosteroni peke yake nililipa elfu themanini za Uganda kila mara, na SHBG inapelekwa kupimwa kwingine, nilingoja siku sita. Parking hakuna kabisa, mimi gari niliacha Bweyogerere.