Tredi tepu, silikoni au washa mpya? Dawa ya sinki la bafuni linalovuja chini

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani tuna vitu vinne: tredi tepu (utepe mwembamba wa kuzungushia tredi, yaani mistari ya skrubu), tyubu ya silikoni, washa za mpira (pete za kuzuia maji), na botoltrapu mpya ya plastiki, yaani trapu yenye kikombe, ile inayobaki na maji chini ya sinki ili harufu isipande. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi, sema sinki lako la kunawia linavuja chini, na utauziwa kimojawapo. Vyote vinne ni vizuri, ila kila kimoja kina mahali pake. Ukikosea mahali, kesho ndoo iko palepale.

Kwa hiyo hatuanzi na bidhaa, tunaanza na tone. Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kuanzia chini ya bakuli hadi ukutani. Kisha viringisha kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo: chini ya bakuli inapokaa nati kubwa ya westi (kile kipande cha tundu la kutolea maji), nati ya juu ya trapu, kikombe cha chini, na nati ya bomba linaloelekea ukutani. Ziba westi kwa kizibo, fungua maji, acha yapande mpaka yaanze kuingia kwenye lile tundu la pembeni la kuzuia kufurika. Funga bomba, subiri dakika kumi. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo yenye ukweli. Ikilowa ya juu wakati maji bado yamesimama, tatizo ni westi. Zikibaki kavu zote, toa kizibo maji yashuke kwa kishindo; sasa ikilowa ya kati au ya chini, tatizo ni trapu.

Kipimo hiki usikiruke, kwa sababu maji yanapenda kuteremka na ngozi ya bomba. Yanatoka kwenye westi, yanatambaa hadi kikombe cha trapu, yanadondokea hapo. Mtu anaona tone kwenye kikombe, anabadilisha trapu nzima ambayo haikuwa na kosa lolote. Na ikiwa kilicholowa ni ile mipira inayoleta maji safi kwenye bomba la kunawia, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa tredi tepu. Hii hapa ya kawaida ina upana wa milimita 12, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko vyote. Angalieni nati ya trapu. Nikiifungua, ndani kuna washa. Kazi ya nati ni kuisukuma tu hiyo washa; washa ndiyo inayozuia maji. Maji hayatakiwi hata kufika kwenye tredi. Ukijaza tepu hapo, nati inakuwa nzito mapema, mkono unakwambia imekaza, kumbe washa bado haijabanwa. Unakuwa umeongeza uvujaji kwa pesa yako mwenyewe.

Lakini kuna sehemu moja tepu inafaa sana, nayo ni westi yenye mipasuo ubavuni. Mipasuo hii ipo ili maji ya tundu la kufurika yaingie kwenye bomba. Maji hayo hayo yanazunguka nje ya westi, yanafuata mistari ya tredi kama mtu anayeshuka ngazi ya kuzunguka, yanapita katikati ya washa na tredi. Hapo utakaza nati mpaka kauri ipasuke na bado itadondosha, maana washa inabana bakuli, haijazi mistari. Dawa yake: fungua nati, kausha, zungusha tepu mara nane hadi kumi pale washa itakapokaa, chini ya mipasuo, kwa mwelekeo wa kukaza nati. Halafu washa ya mpira, washa ya plastiki, nati. Mipasuo yenyewe iache wazi, nayo itazame upande wa tundu la kufurika.

Silikoni inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na mimi naipenda zaidi kwa westi ya zamani ambayo tredi zake zimelika. Paka pia chini ya ule mdomo wa westi unaokaa ndani ya sinki, duara moja lisilokatika. Ila sharti pawe pakavu kabisa, na usitumie sinki kwa saa 24. Kwa westi ya shaba chagua isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba. Kwenye trapu ya plastiki, silikoni ni hasara. Trapu nyingi zinatengenezwa kwa polipropilini, plastiki laini yenye utelezi kidogo, na silikoni haiishiki; inabanduka kama ganda. Gundi ya mabomba ya PVC nayo haiigusi plastiki hiyo.

Washa ndizo bei ndogo kabisa hapa mezani, na kama kinachovuja ni trapu, anza nazo. Ya zamani ikishakuwa ngumu au ina alama ya kukatika, itupe. Lakini ibebe kwanza dukani kama kipimo! Westi ya sinki la bafuni huwa ni inchi moja na robo. Ukiipima tredi zake kwa nje unapata karibu milimita 42, na hapo wengi wanarudi na vifaa vya milimita 40 ambavyo ni vya sinki la jikoni. Washa yenye upande uliochongoka, ncha inaingia kwenye kiungo, upande bapa unatazama nati. Ukiigeuza itavuja tu.

Bomba nalo liingie kwenye kiungo kama sentimita mbili hivi, limekatwa wima, mabaki ya msumeno yamesuguliwa. Likiwa limeinama, hakuna washa itakayolisaidia. Legeza nati zote, nyoosha, kisha kaza. Kaza kwa mkono hadi mwisho, ongeza robo mzunguko kwa koleo. Basi. Nati ya plastiki ikilia "tak", ndiyo kwaheri.

Trapu mpya nunua kama nati imepasuka au tredi zimeliwa. Nashauri plastiki nyeupe kuliko ya kromu, hasa kwa mnaotumia maji ya kisima ya chumvi huko pwani, kwa sababu shaba nyembamba iliyopakwa kromu huanza kutoboka bila wewe kuona. Zile za mpira wa kukunjika kama kodiani zinavutia kwa kuwa zinafika popote, lakini mikunjo inanasa nywele, na usipoikunja ishikilie maji ndani, harufu ya shimo inapanda bafuni.

Ukimaliza, jaza sinki tena, achia maji yote kwa mkupuo, mara tatu. Viringisha karatasi mpya kwenye viungo vyote, uziache usiku kucha, na asubuhi uzishike kwa vidole kabla hujarudisha sabuni na ndoo chini ya sinki.