Uvinza masika na kiangazi: uzoefu wangu wa gesti, mto na chumvi

Wengi wanaoizungumzia Uvinza, mji wa mkoani Kigoma, wameiona dirishani mwa treni. Treni inasimama, kina mama wanakuja na vifuko vya chumvi, mtu ananunua viwili, safari inaendelea, na huko mbele anasema Uvinza anaijua. Mimi kazi yangu ni kusambaza dawa za mifugo kutoka Kigoma mjini, kwa hiyo nafika hapa mvua ikinyesha na jua likiwaka, na karibu kila mara nalala gesti ileile. Maoni yangu nayatoa mapema ili mwenye haraka asisome yote: mji naupa nyota nne, gesti naipa tatu, na mwezi wa kuja ni Juni, si Agosti kama watu wanavyoambiana.

Hilo la Juni lina sababu, na sababu ni mto. Uvinza ipo pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na mito hii miwili haina tabia moja. Ruchugi unatoka upande wa milima ya Kasulu, ni mto wa hasira: mvua kubwa ikipiga kule juu usiku, asubuhi maji yameshapanda na yamegeuka rangi ya udongo. Malagarasi hauna haraka. Unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unazunguka mbali mashariki kabla ya kugeuka kuelekea Ziwa Tanganyika, na njiani maji yake yanatandazwa kwenye mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi. Eneo hilo la ardhioevu lina hekta milioni 3.25, na mwaka 2000 lilikuwa la kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya maeneo muhimu ya ardhioevu. Maji yakishaingia kwenye mafunjo na matete yale hayatoki upesi. Ndiyo maana mvua inakata Mei, barabara zinaanza kutimka vumbi, lakini mto bado umejaa mpaka kwenye nyasi za ukingoni. Anayesubiri Agosti "pakauke vizuri" anakuta pamekauka kweli, pamoja na kile alichokuja kukiona.

Nianze na masika basi, maana ndiyo watu wanayoiogopa. Mvua za hapa zinaanza kati ya Oktoba na Novemba, zinapumzika kidogo Januari au Februari, halafu zinarudi kwa nguvu Machi na Aprili. Kutoka Kigoma mjini lami imerahisisha mambo; hapo zamani kipande hiki kilikuwa cha kusukuma gari. Ukitoka Uvinza kwenda vijijini habari ni nyingine, na kama unakwenda upande wa Mishamo uliza kwanza madereva wa malori, usimuulize mtu wa bodaboda. Bodaboda atakwambia panapitika, kwa sababu kwake yeye kila mahali panapitika.

Gesti yenyewe masika inanichosha. Mbu ni wengi, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo hili si suala la kuvumilia tu. Neti ya chumba changu ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nilimwambia mama mwenye gesti, akaja na sindano na uzi akalishona mbele yangu huku akinipa habari za mjini. Kazi ya sindano ilikuwa safi, lakini usiku niligundua kuna tundu la pili upande wa ukutani. Siku hizi nakuja na neti yangu. Umeme ukikatika na mvua, feni inasimama, na ukifungua dirisha unawakaribisha wageni wengine. Hapo ndipo nyota moja ilipoondokea.

Nyota nyingine imeondoka kwa jambo ambalo bado linanikera. Nilipiga simu siku mbili kabla, nikatuma hela ya chumba, nikaambiwa "karibu sana baba, chumba chako kipo." Nimefika saa tatu usiku, chumba amepewa abiria aliyeshuka kwenye treni. Maelezo niliyopewa ni kwamba mwenzangu alikuwa na watoto. Sawa, watoto walale, lakini mimi nililala kwenye benchi la mapokezi na hela yangu nikarudishiwa asubuhi baada ya kuidai mara mbili. Mama mwenyewe siku hiyo hakuwepo, na aliporudi aliomba radhi vizuri, kwa kweli. Bado nyota ni tatu.

Chakula cha masika ndicho kinachonirudisha. Mvua za kwanza zikishika, kumbikumbi wanatoka, na uyoga wa miombo unaletwa kwenye ndoo na watoto wanaouokota alfajiri. Mama ntilie wa karibu na stesheni anauchemsha, anamwaga maji ya kwanza, anautia mawese na chumvi tu, hakuna nyanya, hakuna kiungo kingine, na unauletewa na ugali wa muhogo ulio laini na wa kunata kidogo. Mawese ya huku ni mekundu hasa, hayajachanganywa. Samaki wa mtoni kipindi hicho wanaadimika sokoni kwa sababu maji yametanda na kambale wameingia majanini, kwa hiyo ukitaka samaki utapewa dagaa au migebuka iliyotoka ziwani. Si mbaya, ila hukuja Malagarasi kula migebuka.

Mto wenyewe mwezi wa nne unatisha, na sioni aibu kusema hivyo. Nilishuka hadi kwenye gati la mitumbwi nikamkuta mzee anayevusha watu amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaziba ufa kwa lami na vipande vya nguo. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kama unataka kuvuka, leo hapana."

Nikamwambia sina safari, nataka tu kuzungushwa kidogo nione mto. Akacheka, akanyoosha mkono kunionyesha gogo zima, na mizizi yake, likipita katikati ya mkondo kwa kasi ya baiskeli. "Hilo likigonga mtumbwi, mamba hana kazi ya kukutafuta. Rudi mvua ikikata."

Mamba wa mto huu wana historia yao. Mwaka 1871 Henry Stanley, mwandishi wa habari na msafiri, akiwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta mmisionari Livingstone, alivuka Malagarasi katika nchi hii ya Uvinza, na punda wake mmoja akakamatwa na mamba akiwa majini, akavutwa chini. Jina la punda lilikuwa Simba. Na kabla ya hapo Stanley alishabishana sana na wenyeji juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao, na malipo ya mitumbwi, kwa sababu Wavinza walijua vizuri kwamba hakuna njia nyingine ya kufika ng'ambo. Nauli ya mzee wangu ni ya kuelewana, na hakuniuliza nimebeba mali gani.

Nilirudi Juni kama alivyoniambia, na hapo ndipo nilipoielewa Uvinza. Asubuhi pana baridi ya kuvaa koti. Ukungu unakaa juu ya maji mpaka saa mbili, halafu jua linaufukuza wote kwa pamoja na unaona mto umejaa, umetulia, rangi yake imeanza kusafika. Mzee alinipitisha kando kando ya matete kwa upondo, si kwa kasia, kwa sababu kwenye nyasi kasia halina nafasi. Alikuwa anachomeka upondo, anausukuma, na kabla ya kuuchomoa anausikiliza kwa mkono, akijua chini ni matope au mchanga. Kambale wameanza kurudi mkondoni na mitego ya matete inawasubiri kwenye vijia vya maji. Wale wataalamu wa samaki wanasema Malagarasi ni mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika, kwamba ulikuwa unatiririka kuelekea Kongo kabla ziwa halijafunguka katikati, ndiyo maana baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa Kongo. Nilimweleza mzee. Akasema hilo linawezekana, maana kambale wa hapa na wa ziwani hata ladha hawafanani.

Jioni ya siku hiyo kambale alipikwa gesti, na hapa lazima niseme haki: jiko la mama halina mpinzani. Anamkausha kwanza juu ya moto wa taratibu mpaka ngozi ikaze, ndipo anamtia kwenye mchuzi wa mawese. Ningetoa nyota tano kwa jiko peke yake.

Juni pia chumvi inaanza kuamka. Chemchemi za maji chumvi ziko hapa hapa karibu na makutano ya mito, na chumvi ya Uvinza ilikuwa maarufu kwa biashara kabla Mjerumani hajafika. Wanaakiolojia waliochimba miaka ya 1960 walikuta mabaki ya uchemshaji wa chumvi ya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Zamani kazi hii ilikuwa ya kiangazi tu: watu walikuja kwa maelfu kutoka kila upande, wakapiga vibanda, wakachemsha maji kwenye vyungu, na mvua zilipokaribia wakaondoka, kwa sababu Ruchugi ukifurika unafunika chemchemi. Kuni za kuchemshia zilikula misitu ya miombo ya karibu kwa miaka mingi, hata baada ya viwanda kuja, mpaka kazi kubwa ilipohamishiwa kwenye jua.

Sasa maji chumvi yanaingizwa kwenye majaruba na kuachwa yakauke. Kuingia kutazama kunataka ruhusa, usijipeleke tu. Nilisimama pembeni ya jaruba moja wakati wa kuvuna. Juu kuna utando mgumu mweupe unaometa, mtu anaupiga kwa ukingo wa beleshi unapasuka, chini yake kuna chumvi ya chembe kubwa yenye maji, rangi ya kijivu kidogo. Inakusanywa kwa reki, inalundikwa pembeni ichuje. Kijana aliyekuwa anavuta reki alikuwa na mabuti ya mpira, lakini mikono mitupu, na kwenye kila kiungo cha vidole ngozi ilikuwa imepasuka na kuwa nyeupe. Nilimuuliza kama inauma. Akasema inauma ukinawa maji baridi tu.

Ukinunua chumvi ya kula, nunua ile iliyofungwa na yenye madini joto. Ile ya wazi ya kwenye viroba tuwaachie ng'ombe, na huko kwa wafugaji ndiko nami ninakoipeleka pamoja na dawa zangu.

Agosti na Septemba nitapita haraka, maana sina mengi mazuri. Chumvi ndiyo imekolea kweli, malori yanapiga honi tangu alfajiri, na kama chumba chako ni cha mbele hulali. Moto wa porini unaunguza nyasi kila upande, majivu yanadondoka kwenye chai. Maji ya bomba gesti yanakuja kwa zamu, unaoga kwa ndoo moja. Ukitoka kwenda msituni mbung'o wanauma hata juu ya jinzi. Kuna jambo moja tu la kusifia: mwisho wa Septemba, kabla hata tone la mvua halijadondoka, miombo inachipua majani mapya mekundu, na ukiwa kwenye gari kuelekea mahali paitwapo Malagarasi, kama mto, mlima mzima unaonekana kama umepakwa rangi. Nani aliiambia miti kwamba mvua inakuja, sijui.

Upande huo huo wa Malagarasi kuna Daraja la Kikwete, lililofunguliwa mwaka 2015 kwa msaada wa mkopo kutoka Korea Kusini. Wasafiri wa Tabora ndio wanaolielewa thamani yake. Ukipita, simama kidogo utazame mto kabla haujafika Uvinza: hapo bado ni mpana, mvivu, umejaa nyasi.

Kuhusu usafiri. Ukitoka Kigoma mjini, panda Hiace ya asubuhi, ya jioni inajaza mpaka kwenye buti. Ukitoka Tabora, mimi bado napendekeza treni. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na inapita nchi ambayo barabara haikuonyeshi: asali ya Urambo na Kaliua, samaki wa kubanika wa Nguruka, kisha chumvi yetu. Ila masika sikiliza taarifa kwanza, maana maji yakibomoa reli kule Kilosa na Gulwe, na huku tutakaa bila treni.

Kwa atakayekuja: wazee wa hapa wanasalimiana kwa utulivu na makofi mepesi, usimpite mtu mzima ukiwa na haraka zako za mjini. Njoo na neti, tochi na koti la Juni. Omba chumba cha nyuma, chenye mwembe, isipokuwa Novemba na Desemba, kwa sababu embe likianguka kwenye bati saa nane usiku utaruka kitandani. Na siku ya treni usitume hela kwa simu ukaamini mambo yameisha. Fika mwenyewe kabla ya saa kumi na mbili jioni, chukua ufunguo, uutie mfukoni, ndipo uende mtoni.